Bangili yenye jina, na maili 300 hadi Washington

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 38, mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wa tisa nafanya kazi ya polisi huku New Jersey. Mwaka jana mwenzangu wa zamu aligongwa na gari akiwa anaongoza magari penye ajali, akafariki. Mwezi wa tano kikosi chetu kinapeleka watu kwenye Police Unity Tour, ule msafara wa baiskeli wa siku nne hadi Washington, na nimepewa bangili yenye jina lake. Nilikubali papo hapo, kisha hofu ikaniingia. Mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa Phoenix ya marehemu baba. Sasa ni mwanzo wa Januari, na Ramadhani mwaka huu iko katikati, Februari na Machi. Miezi minne itanitosha? Ninunue baiskeli gani? Nitapandaje katikati ya mamia ya watu bila kumwangusha mtu? Michango nitaombaje, mimi niliyelelewa kuona haya kuomba? Na mama kanipigia simu, kaniambia msiba husomewa hitima, haupandiwi baiskeli. Sikuwa na jibu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mwenzako. Mungu awape subira jamaa zake.

Nianze na mama, kwa sababu ukishampatia jibu mama, mengine yote ya maandalizi yatajipanga yenyewe.

Mwambie hivi. Kwetu mtu akifiwa, watu hutoka walikotoka kwenda kumhani. Aliye Pangani hupanda basi, aliye Lushoto hushuka mlima, na akifika hukaa jamvini na wafiwa, hutoa rambirambi yake, hata kama maneno ya kusema hana. Kinachomfariji mfiwa ni kuona kwamba watu wametoka mbali kwa ajili yake. Msafara huu ndiyo kuhani kwenyewe. Mnatoka mbali kwa jasho lenu, mnakwenda mpaka walipo wafiwa, na mnafika na rambirambi mkononi. Hitima isomwe, na hakuna anayeizuia. Hii ya baiskeli ni ile safari ya kwenda.

Na mwanzo wake ulikuwa mdogo kama msiba wa mtaani. Mwezi Mei 1997, Patrick Montuore, askari wa mji wa Florham Park huko huko kwenu New Jersey, aliondoka na wenzake, jumla waendeshaji 18, wakanyonga baiskeli siku nne mpaka Washington. Walikusanya dola 18,000. Leo waendeshaji hupita 2,000, wamegawanyika kwenye matawi yanayoanzia sehemu mbalimbali, na wote huingia Washington pamoja tarehe 12 Mei. Fedha huenda kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Kitaifa wa askari waliofia kazini na kwenye jumba lake la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2018.

Tarehe ile haikuokotwa tu. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria iliyoifanya tarehe 15 Mei kuwa siku ya kuwakumbuka askari waliofia kazini, na wiki yenye tarehe hiyo kuwa wiki ya polisi. Tarehe 13 usiku watu hukusanyika na mishumaa, na majina yaliyoongezwa mwaka huo kwenye kuta za Mnara husomwa moja moja. Kama jina la mwenzako limeshapitishwa kuingia ukutani mwaka huu, litasomwa usiku huo. Muulize kiongozi wa tawi lako mapema, upange ruhusa kazini mpaka tarehe 15. Nimewaona watu wanaofika tarehe 12, wanapakia baiskeli na kurudi nyumbani jioni ile ile, halafu wanajuta mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye mwili. Ukilishika hili la kuhani, utaona kila ushauri wangu unatokana nalo. Mtu anayekwenda msibani hafiki hoi kiasi cha wafiwa kuanza kumhudumia yeye. Hakimbilii kutangulia wenzake. Wala haachi kujiandaa akasema Mungu atajua.

Miezi minne inatosha. Nasema hivyo nikiwa nimewaandaa wanawake wengi walioanza kama wewe, wengine wakiwa wazito kuliko wewe na wakubwa kwa miaka kumi. Njia inatofautiana tawi kwa tawi, ila ukisikia maili 300 kwa siku nne, hesabu kilomita 480, yaani kama kilomita 120 kwa siku. Inatisha ukiitazama hapo ulipo. Lakini mwendo wa msafara ni wa pamoja na si wa mashindano, mnasimama kula na kunywa, na pikipiki za polisi zinawafungulia makutano. Kazi ngumu ni kukaa kwenye kiti saa sita au saba, kulala, kuamka na kukaa tena pale pale. Kwa hiyo tunachofundisha hapa ni makalio, mgongo, viganja na tumbo, sawasawa na miguu.

Kabla ya yote nenda kwa daktari. Upimwe shinikizo la damu na sukari, na umweleze kama kwenu kuna mtu aliyeugua moyo akiwa kijana. Kazi ya zamu za usiku huchosha moyo kimyakimya. Hii si hatua ya kuruka.

Januari hii usitoke nje kwenye barafu. Tafuta kile kifaa cha kufungia gurudumu la nyuma ili unyonge baiskeli ndani ya nyumba. Vya mtumba viko vingi na bei yake si kubwa. Mara tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 45, na Jumamosi saa nzima. Kasi ya mwendo nitakupa kipimo ninachowapa wanafunzi wangu wa pwani: uweze kusoma Alhamdu yote kwa sauti bila kukata pumzi katikati ya aya. Ukishindwa, umezidisha. Ukiweza kuiimba kwa raha kama qasida, ongeza kidogo. Watu wengi huharibu mwezi wa kwanza kwa kutoka jasho jingi mno, wakafika wiki ya tatu magoti yanauma na hamu imekwisha.

Miguu izunguke mepesi, mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika. Phoenix ya marehemu baba ilitufundisha kusukuma kwa nguvu na polepole kwa sababu haikuwa na gia. Hii utakayopanda ina gia nyingi, zitumie. Ukihisi unasukuma pedali kama unapanda ngazi na mtungi kichwani, shuka gia moja.

Februari safari ya Jumamosi ifike saa mbili. Hapo ndipo Ramadhani inapoingia, na naomba unisikilize vizuri, maana wengine watakwambia uache mazoezi kabisa, na wengine watakwambia funga na upande kama kawaida. Wote wanakosea. Mwezi huo lengo ni kutopoteza ulichopata, kuongeza tutaongeza baada ya Idi. Panda dakika 40 hadi 60 kwa mwendo wa chini, umalize karibu na adhana ya magharibi, ili ukishuka tu unakutana na maji na tende. Siku mbili kwa wiki, ukiwa na nguvu, panda baada ya tarawehe, umeshakula na kunywa. Safari ndefu ya Jumamosi ipunguze iwe saa moja na nusu, tena usiku au ndani ya nyumba. Daku isiwe chai na andazi tu. Weka uji, mayai, na maji ya kutosha. Na ukiwa umetoka zamu ya usiku, siku hiyo usipande. Usingizi wa asubuhi ile utakujenga kuliko kilomita 20.

Idi ikishapita, unayo wiki saba hivi. Toka nje. Safari ndefu ya kwanza iwe kilomita 50, kisha 60, kisha 70, halafu wiki moja upumzike kwa kupunguza kila kitu nusu. Kupunguza huko si uvivu, misuli hujijenga ukiwa umepumzika. Aprili uifikishe 80, kisha 100, na hapo ndipo kuna siri ya maandalizi yote: siku ya pili, Jumapili, uamke upande tena 50 au 60 ukiwa na uchovu wa jana. Mwili unahitaji kujua kwamba asubuhi ya pili ipo. Ukishafanya hivyo mara tatu, hofu itakuwa imeondoka bila wewe kuifukuza. Siku kumi za mwisho panda kidogo tu, ulale, ule.

Baiskeli gani? Ya barabarani, nyepesi, yenye usukani uliopinda kwenda chini, matairi ya milimita 28 hadi 32, na gia ya chini kabisa iliyo laini ya kupandia vilima. Usikope pesa kwa ajili yake. Askari waliokwishashiriki huwa na baiskeli ya pili gereji, uliza kikosini. Nakutahadharisha jambo moja lililonigharimu mimi. Nilipokuwa naanza, duka moja liliniuzia fremu ya sentimita 56 kwa sababu ndiyo iliyobaki na ilikuwa na punguzo. Mimi ni mtu wa 52. Muuzaji alishusha kiti, akasogeza usukani, akaniambia itazoea. Miezi mitatu nilipanda nikiwa nimejinyoosha kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba ya juu, vidole viwili vya mwisho vya mikono yote vikafa ganzi mpaka nikawa siwezi kufunga vifungo vya blauzi ya mwanangu. Baiskeli haimzoei mtu. Ipimwe kwako, au iache dukani.

Urefu wa kiti unaweza kuupima mwenyewe. Egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke wote bila nyonga kuinama upande. Ukihamisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litakuwa limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Baadaye goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma nyuma, kiko juu. Pandisha au shusha milimita tano tano, na usibadilishe vitu viwili siku moja.

Na kiti chenyewe. Tuzungumze kama wanawake. Mifupa yetu ya kukalia mara nyingi iko mbali zaidi kuliko ya wanaume, kwa hiyo kiti chembamba cha kiume kinaweza kukutesa mahali ambapo hutaki kumwonyesha mtu. Usikimbilie kiti kikubwa chenye sponji nene, kwa sababu sponji hubonyea ikakubana pale pale. Tafuta chenye upana wa mifupa yako na uwazi katikati; maduka mengi yanapima bure kwa kukukalisha kwenye kibao laini kinachobaki na alama. Suruali ya baiskeli yenye kitambaa kinene huvaliwa bila chupi, watu wengi hawaambiwi hili na wanachubuka bure. Paka mafuta mazito kabla, ioshe kila usiku, na nenda nazo tatu. Ukipenda kujistiri, kuna za kufika kifundo cha mguu, na juu yake unavaa jezi ya msafara iliyo ndefu. Kilemba cha ndani kiwe chembamba, kisicho na pini wala fundo, ili helmeti ikae flati, vidole viwili juu ya nyusi.

Tumbo. Kunywa kabla ya kiu, nusu lita hadi lita isiyotimia kila saa, zaidi siku ya joto, na maji ya chupa moja yawe na chumvi kidogo na sukari. Kula kila baada ya dakika 30 au 40 hata kama husikii njaa, kwa sababu njaa ya baiskeli haibishi hodi. Unapanda vizuri, ghafla mikono inatetemeka na kilima kidogo kinakuwa kama Usambara. Mwili unataka gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ina kama 27. Tende kubwa tatu zinapita 50, na hazipondeki mfukoni. Nawaonea huruma wanaonunua vile vipakiti vya jeli vya bei mbaya wakati babu zetu walivuka bahari na tende. Toa kokwa nyumbani, uzifunge kwenye karatasi ya nailoni mbili mbili. Jioni kula wali na mchuzi mpaka ushibe, usione haya, na usinywe dawa za maumivu asubuhi ili tu uweze kupanda. Maumivu yakifika hapo, mwambie tabibu wa msafara.

Sasa lile linalokutisha, kupanda kundini. Hofu yako ni ya akili, itunze. Wanaoangusha wenzao ni wale wasioiogopa.

Mambo ya kundi nimeyajulia zaidi nyuma. Nimefuata misafara ya namna hii mara kadhaa nikiwa fundi kwenye gari la msaada, na kutoka pale nyuma unaona jinsi kosa dogo linavyosafiri. Mtu wa mstari wa tano anaona shimo, anagusa breki kidogo tu. Wa sita anashika zaidi. Wa kumi anasimama nusu. Wa ishirini na tano anasikia chuma kinakwaruza chuma, na watu wanne wako chini, na yule wa mstari wa tano amekwenda zake wala hajui. Mara moja niliokota miwani ya mama mmoja iliyokuwa imekanyagwa, yeye amekaa ukingoni ameshika bega, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, «Bangili iko wapi?» Ilikuwa imechomoka mkononi. Tuliitafuta majanini robo saa, msafara mzima umesimama, hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo: gurudumu lako la mbele lisipishane hata inchi na la nyuma la aliye mbele yako. Yakigusana, wa mbele kwa kawaida huendelea, anayeanguka ni wewe na walio nyuma yako. Acha nafasi ya baiskeli nzima mpaka uzoee. Utapoteza kidogo ile faida ya kukingwa upepo, ambayo ni robo ya nguvu au zaidi, lakini utalala kitandani kwako. Macho usiyagandishe kwenye tairi la mbele. Tazama mabega ya mwenzako, na kupitia mabega uone barabara. Shikilia mstari wako. Ukitaka kusogea, angalia, sema, ndipo usogee. Ukiona shimo, lionyeshe kwa kidole na upaze sauti, na ukisikia sauti kutoka mbele, irudishe nyuma, kama watu wanavyopokezana ndoo za maji moto unapowaka. Kushika breki kwako kuwe kwa upole, mikono yote miwili. Chupa ikidondoka, iache. Njia za reli uzikate kwa pembe ya mraba, na siku ya mvua mistari myeupe ya rangi na vyuma vya daraja uvihesabu kama sabuni.

Pedali za kunasa kiatu ukitaka kuzitumia, anza Machi, usianze Mei. Jifunze kuchomoa mguu huku umeshika ukuta, mara 50, mguu ule ule mmoja, mpaka uchomoke wenyewe bila kuufikiria. Kila mtu huanguka mara moja akiwa amesimama taa nyekundu. Bora uanguke mtaani kwenu.

Na kuanzia Aprili upande na wenzako wa kikosi angalau mara nne. Hakuna video wala maelezo yangu yatakayochukua nafasi ya hiyo.

Michango. Kila tawi linaweka kiwango chake cha chini kwa kila mwendeshaji, na tarehe ya mwisho. Ukijue sasa hivi, ukigawe kwa wiki. Umesema kuomba unaona haya. Mdogo wangu, hujiombei. Rambirambi hukusanywa na mtu, na yule anayepita na daftari mtaani hatumwiti ombaomba. Fungua orodha kwenye kundi lenu la WhatsApp, uandike jina la marehemu juu, mistari mitatu ya alivyokuwa, na kiungo cha ukurasa rasmi wa msafara wenye jina lako, ili fedha ziende moja kwa moja bila kupitia mkononi mwako. Usipokee taslimu kama unaweza kuepuka. Ukipokea, andika na utoe risiti siku hiyo hiyo. Msafara umesajiliwa kama shirika la hisani, kwa hiyo anayetoa anaweza kuupeleka mchango wake kwenye hesabu za kodi, waambie. Na hili lizingatie sana: usiombe ukiwa umevaa sare wala ukiwa kazini bila idhini ya maandishi ya mkubwa wako. Mwenye duka akiombwa na askari mwenye bunduki kiunoni hajui kama anaombwa au anaamriwa. Isitoshe huku Marekani matapeli wanaopiga simu kwa jina la polisi ni wengi, na watu wana haki ya kushuku. Wape njia ya kuhakikisha kabla hawajaiuliza.

Wape pia watoto wako kazi. Wapike visheti au kaimati siku ya Jumamosi, wauze kwa majirani. Nimeona familia ikifikia nusu ya kiwango kwa kaimati.

Naja kwenye bangili. Ni ukanda mwembamba wa chuma, una jina, kikosi, na tarehe ambayo huku wanaiita mwisho wa zamu. Ivae mkono wa kushoto tangu leo, uizoee, uone inavyogonga usukani unapobadilisha gia. Inakata ngozi kidogo ikipata jasho, izungushie utepe laini kwa ndani. Siku ya tatu ya safari, mwili ukigoma kweli kweli, utashukuru kwamba ipo mahali macho yanapoangukia ukiinamisha kichwa.

Mwenzako unamjua, kwa hiyo huna haja ya kumtafuta kwenye kumbukumbu. Lakini mkewe, au mama yake, mjulishe mapema kwamba utalibeba jina. Usimtumie ujumbe wa ghafla usiku. Pitia kwa ofisa wa kikosi anayeshughulikia familia, uulize kama wanapenda, na kama watakuwepo Washington. Wapo wafiwa wanaotaka kila kitu, wapo wasiotaka kuona sare mwaka wa kwanza, na wote wana haki. Kuna shirika la wafiwa wa polisi, Concerns of Police Survivors, lililoanzishwa mwaka 1984, ambalo wiki hiyo hukutanisha wajane, wazazi na watoto. Huenda familia ikawa na ratiba nao. Wewe fuata ratiba yao.

Tarehe 12 mtaingia pale Judiciary Square wawili wawili, taratibu, baiskeli nyuma ya baiskeli, na kando wamesimama watu wameshika picha. Hapo wengi miguu inaishiwa nguvu ambayo vilima havikuimaliza. Endelea kunyonga, usisimame ghafla, kuna mamia nyuma yako.

Mahali penyewe pana kuta mbili za marumaru zilizopinda, kila moja futi 304, na simba wa shaba wanaolinda watoto wao kwenye maingilio. Palizinduliwa tarehe 15 Oktoba 1991. Majina ni zaidi ya 24,000, wakiwemo askari 72 waliokufa siku moja, tarehe 11 Septemba 2001, na hayakupangwa kwa alfabeti wala kwa mwaka. Aliyekufa karne ya kumi na tisa anaweza kuwa juu ya aliyekufa mwaka jana. Kwa hiyo uliza mapema namba ya paneli na ya mstari wa jina lake, uiandike kwenye karatasi mfukoni. Chukua na penseli laini na karatasi nyeupe nyepesi. Unaibandika karatasi juu ya jina, unapitisha penseli ikiwa imelala, na herufi zinatokea nyeupe katikati ya kijivu. Toa mbili. Moja ya mama yake, moja ya kikosi.

Ukimpata mjane, hotuba usitayarishe. Kiingereza hakina neno letu la pole, kwa hiyo mwambie kwa Kiswahili kwanza, kisha umweleze maana yake. Yeye alikaa na mume aliyefanya kazi na wewe miaka yote hiyo, huenda ameshalisikia. Mvulie bangili mbele yake. Itakuwa na mikwaruzo ya usukani, na alama za jasho na mvua za siku nne. Mtu atakushauri uipige msasa au uisugue ing'ae kabla ya kumpa. Usiisugue.